Jeni ya usugu imo, lakini dawa bado inaua: tuamini kipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea maabara ya tiba hapa Mombasa na sasa niko mazoezini. Tuliletewa usaha wa mgonjwa aliyepasuliwa kidole tumbo, tukaotesha tukampata Bacteroides fragilis. PCR, kipimo cha kutafuta kipande maalumu cha DNA, ikaonyesha ana jeni ya cfiA, ile inayovunja meropenemu, dawa kali ya bakteria. Lakini kwenye sahani ya kuoteshea meropenemu ilimuua vizuri tu. Darasani tumefundishwa kwamba usugu hutokana na mabadiliko ya jeni. Hapa jeni ipo na usugu haupo. Tuamini kipi? Halafu mama yangu ana duka la dawa Kongowea. Kila siku watu humjia wakitaka Flagyl, vidonge viwili vitatu tu, kwa sababu ya tumbo. Je, hiyo ndiyo inayoleta mabadiliko haya? — Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Amini vyote viwili, maana havikujibu swali moja. PCR uliiuliza kama jeni imo, ikakwambia imo. Sahani uliiuliza kama jeni hiyo inafanya kazi leo, ikakwambia haifanyi. Mlichofundishwa darasani si uongo, ila mlifundishwa kwa mfano wa bakteria wengine, ambao herufi moja ya DNA ikibadilika ndani ya jeni, basi dawa haishiki tena. Kwa Bacteroides mara nyingi jeni yenyewe haijaguswa hata kidogo. Kilichobadilika kiko mbele yake, na hapo PCR yako haikutazama.

Kwanza tumjue huyu bakteria. Kila gramu ya kinyesi cha mtu mzima ina bakteria wapatao bilioni 100, na karibu wote ni wale wasioishi penye oksijeni. Jamii ya Bacteroides ni sehemu kubwa ya umati huo. B. fragilis mwenyewe ni wachache miongoni mwao, lakini utumbo ukitoboka, au kidole tumbo kikipasuka, yeye ndiye anayeongoza kuonekana kwenye usaha kati ya bakteria wa aina hiyo. Baadhi ya dawa hazimgusi tangu asili, bila badiliko lolote. Jentamisini, kwa mfano, huingia ndani ya bakteria kwa kutegemea mfumo wa kupumua oksijeni. Yeye hana mfumo huo, basi dawa inabaki nje. Penisilini na ampisilini nazo karibu kila B. fragilis huzivunja kwa kimeng'enya cha jeni iitwayo cepA. Asidi ya klavulani, ile iliyomo kwenye Augmentin, hukizuia kimeng'enya hicho, ndiyo maana Augmentin mara nyingi bado inasaidia.

Hapo kwenye cepA ndipo aina hii inapogawanyika kambi mbili. Kambi kubwa ina cepA. Kambi ndogo haina cepA, ina cfiA badala yake, na bakteria wako ni wa kambi hii. Kimeng'enya cha cfiA hufanya kazi kwa madini ya zinki, kinavunja karibu jamii yote ya penisilini, sefalosporini na karbapenemu (ndiyo jamii ya meropenemu na imipenemu), na asidi ya klavulani haikifanyi chochote. Kwa kukitazama hivyo ungedhani kila mgonjwa mwenye kambi hii meropenemu haimfai. Lakini wengi wao hufa kwa meropenemu kama alivyokufa wako, kwa sababu jeni hii husomwa kwa unyonge mno. Ukipima kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia, utakikuta kimepanda kidogo kuliko cha kambi ya cepA, ila bado kiko chini ya mstari wa usugu.

Sababu ya unyonge huo inafaa uione kwa karibu. Ili jeni isomwe, lazima mbele yake pawe na promota, yaani mahali ambapo mashine ya kunakili DNA inashika na kuanzia. Kwa E. coli, mwalimu wako wa darasani amekuchorea vituo viwili, herufi ya 35 na ya 10 kabla ya pale unakili unapoanzia. Bacteroides hana hivyo. Vituo vyake viko herufi ya 33 na ya 7, na maandishi yake ni tofauti. Ndiyo maana jeni ya Bacteroides ukiihamishia kwa E. coli mara nyingi hukaa kimya. Sasa, mbele ya cfiA ya kawaida, promota ni dhaifu. Jeni imo, maandishi yake ni kamili, kimeng'enya chake kikitengenezwa ni kikali, ila hakuna anayeisoma ipasavyo.

Kinachoigeuza hali hiyo ni kipande cha DNA kinachohamahama. Vipande hivi ni vifupi, IS1186 kwa mfano ina zaidi kidogo ya herufi 1,300, na kazi yake karibu yote ni kujikata na kujipachika pengine. Lakini ukingoni mwake kina promota nzuri ya Kibacteroides, inayotazama nje. Kikijipachika mbele ya cfiA, promota hiyo inaanza kuisoma cfiA pia. Fikiria nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati: mpangaji mpya akihamia chumba cha mbele na spika zake kubwa, wa chumba cha pili hana haja tena ya redio. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika ndani ya cfiA. Soma mfuatano wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, utaona ni uleule wa bakteria anayekufa kwa dawa. Si IS1186 peke yake inayofanya hivi. IS942, IS614 na nyingine zimeonekana mahali hapohapo.

Kwa hiyo ukitaka PCR ijibu swali la pili, usipime ndani ya jeni. Weka kianzio kimoja, yaani kipande kifupi cha DNA ambapo PCR huanzia kunakili, ndani ya cfiA, kingine mbele yake, nje kabisa, halafu tazama urefu wa mkanda kwenye jeli. Asipokuwa na mpangaji, mkanda ni mfupi, herufi mia kadhaa. Akiwa naye, mkanda unapanda juu kwa herufi 1,300 hadi 1,600 hivi. Unauona kwa macho bila hata kusoma mfuatano. Lakini hata hili si la kuapia: wapo B. fragilis wachache wenye cfiA wanaostahimili karbapenemu bila kipande chochote kuonekana mbele ya jeni. Neno la mwisho bado ni la sahani.

Hatari ya bakteria wako ni kwamba yuko hatua moja tu kabla ya usugu. Ukichukua bakteria wa kambi hii anayekufa kwa dawa, ukamwaga mamilioni ya chembe zake kwenye sahani yenye imipenemu, unaweza kupata koloni chache zinazomea, na ukizipima unakuta kipande kimeshajipachika. Kilichotokea kwenye sahani kinaweza kutokea kwenye jipu la mgonjwa, hasa jipu ambalo halijakamuliwa, lenye bakteria wengi na dawa haba.

Nije kwenye metronidazoli, maana ndiyo Flagyl ya dukani kwa mama na ndiyo dawa ya kwanza tunayoifikiria kwa bakteria hawa. Ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Trichomonas, kimelea cha sehemu za siri. Mwaka 1962 daktari wa meno Mwingereza, D. L. S. Shinn, aliandika kuhusu mgonjwa aliyekuwa akitibiwa Trichomonas na ambaye vidonda vya ufizi wake vilipona palepale. Hapo ndipo watu wakaanza kufahamu kuwa inaua pia bakteria wasiopenda oksijeni.

Dawa hii inapoingia ndani ya bakteria bado haijawa sumu. Hugeuka sumu pale bakteria mwenyewe anapoipa elektroni. Bacteroides anapovunja piruveti kupata nishati, elektroni hupitia kwenye protini iitwayo feredoksini, na hizo zina nguvu ya kutosha kuligeuza kundi la nitro lililo kwenye dawa. Zao lake linaikatakata DNA. Sisi na bakteria wapumuao oksijeni hatuna njia yenye nguvu hiyo, na hata dawa ikipewa elektroni moja, oksijeni huinyang'anya na kuirudisha ilivyokuwa.

Basi usugu dhidi yake una njia nyingi, na nyingine ni za ajabu kidogo. Inayojulikana zaidi ni jamii ya jeni za nim, ambazo huaminika kutoa kimeng'enya kinacholigeuza kundi la nitro moja kwa moja hadi mwisho, lisipitie ile hali ya katikati yenye sumu. Na hapa tena unakutana na wale wapangaji: nim nyingi zimekutwa zikiwa na IS1168 au ndugu zake mbele, zikizisomesha. Nyingine ziko kwenye plasmidi, yaani vijiduara vya DNA vilivyo pembeni, nyingine kwenye kromosomu, DNA kuu ya bakteria. Nim ikikosa wa kuisomesha, bakteria anaweza kufa kwa metronidazoli vilevile. Upande wa pili, wapo wasugu wasio na nim kabisa. Kwa Bacteroides imeonekana kwamba kuharibika kwa feoAB, inayoingiza madini ya chuma ndani ya chembe, kunaleta usugu. Feredoksini bila chuma si kitu. Na kwa ndugu yake B. thetaiotaomicron, kuzidi kwa protini inayosimamia utumiaji wa sukari ya ramnosi kumeleta usugu pia, kwa kugeuza njia ambazo elektroni hupita. Mwanafunzi anayetafuta "jeni ya usugu wa Flagyl" atazunguka sana, kwa sababu dawa hii hutegemea uchumi mzima wa elektroni ndani ya bakteria.

Kuna jambo la kushika kwa mikono yako maabarani. Bakteria mwenye nim anaweza kuota polepole. Ukisoma sahani mapema utaona duara safi kuzunguka kijikaratasi cha dawa. Ukiiacha kwenye mtungi usio na hewa hadi saa 48 utaona koloni ndogondogo zimechomoza ndani ya duara. Usizipuuze ukidhani ni uchafu. Zitoe, zipime upya. Na usisahau hemini na vitamini K1 kwenye chakula cha kuoteshea, humsaidia Bacteroides kuota. Kwa Clostridioides difficile, bakteria mwingine wa tumboni anayeleta kuhara, jambo hili limekuja kuwa zito zaidi: sehemu kubwa ya usugu wake wa metronidazoli huonekana tu pale ambapo hemu ipo kwenye chakula, na kati ya visababishi vyake kimo kibadiliko cha herufi moja kwenye promota ya nimB. Unaona? Hata huko, badiliko liko mbele ya jeni.

Ili usije ukadhani nimelikana somo lako la darasani, yapo mabadiliko ya herufi moja ya aina mliyofundishwa. Siprofloksasini na ndugu zake hushika kimeng'enya kinachoikunja DNA, na jeni yake ni gyrA. Kwa C. difficile, herufi moja ikibadilika, ACT ikawa ATT, asidi amino ya 82 inageuka kutoka threonini kuwa isoleusini, na dawa haishiki tena. Kwa B. fragilis nafasi hiyohiyo ya 82 hubadilika kutoka serini kuwa leusini au fenilalanini. Aina ya C. difficile iitwayo 027, iliyosumbua hospitali za Quebec na Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa na badiliko hilo la threonini. Uchunguzi wa jenomu ukaonyesha kwamba lilitokea mara mbili, katika koo mbili tofauti. Basi hapo hakuna fumbo.

Sasa swali lako la mama. Umeuliza kama dawa inaleta mabadiliko. Jibu la kawaida ni kwamba hailengi wala haifundishi kitu. Bakteria hukosea wanaponakili DNA yao, kosa moja kwa kila mamia kadhaa au elfu ya migawanyiko, na kwa umati uliomo tumboni, makosa ya kila namna yapo tayari kabla hujameza chochote. Luria na Delbrück walilithibitisha hilo mwaka 1943 kwa E. coli na virusi vyake: wasugu walikuwapo kabla ya kukutana na adui. Dawa huwaua wenzao na kuwaachia nafasi.

Lakini kwa bakteria wa tumboni jibu hilo halitoshi, na vitabu vingi vya wanafunzi vinaishia hapo. Metronidazoli yenyewe huharibu DNA, na kwenye vipimo vya maabara imeonekana kuongeza makosa ya jeni kwa bakteria. Halafu kuna tetrasaiklini. Bacteroides wengi wana kipande kikubwa kiitwacho CTnDOT, kilichobeba tetQ, inayolinda ribosomu, mashine ya kutengenezea protini, dhidi ya tetrasaiklini, pamoja na ermF, inayoleta usugu wa erithromisini na klindamisini. Abigail Salyers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba tetrasaiklini kidogo tu, isiyomuua bakteria, inakiamsha kipande hiki kihamie kwa jirani mara 100 hadi 1,000 zaidi ya kawaida. Hapo dawa haichagui tu. Inabonyeza kitufe. Na kinachohama si usugu wa tetrasaiklini pekee, ni wa klindamisini pia, dawa ambayo mgonjwa hajaimeza. Kundi hilohilo lilipolinganisha bakteria waliohifadhiwa tangu kabla ya 1970 na wa miaka ya 1990, tetQ ilikuwa imepanda kutoka karibu asilimia 30 hadi zaidi ya asilimia 80. Mimi kapsuli za tetrasaiklini zinazouzwa mbilimbili hunitia wasiwasi zaidi kuliko Flagyl, kwa usugu wa bakteria hawa.

Flagyl ina hali yake. Mtu asiye na kuhara, dawa karibu yote hufyonzwa juu, inayofika utumbo mpana ni chache. Anayehara hufikiwa na zaidi. Vidonge viwili vitatu kwa hiyo vinaweza kuwapitia bakteria hao kwa kiwango cha kuwachokoza bila kuwamaliza, na kama tumbo lenyewe lilitokana na virusi au chakula kilichoharibika, ambavyo ndivyo mara nyingi, Flagyl haikumsaidia mtu. Mwambie mama mteja wa kuharisha maji ampe ORS, mtoto aongezewe zinki, na mwenye kuhara damu au mwenye homa apelekwe hospitali. Kwa heshima zote, hilo la "tumbo ni amiba" limezoeleka mno hapa pwani.

Sitaki pia ufikiri haya ni mambo ya vitabuni. Mwaka 2013 Marekani ilitangaza mgonjwa wa Seattle aliyekuwa na B. fragilis sugu kwa metronidazoli, imipenemu na klindamisini kwa pamoja. Alikuwa ametibiwa na kupasuliwa India kabla ya kurudi. Familia ngapi hapa Mombasa zina mtu aliyekwenda India kwa upasuaji? Mgonjwa wa namna hiyo akirudi na usaha tumboni, tusikae na mazoea kwamba bakteria hawa hawana haja ya kupimwa. Maabara zetu nyingi hazioteshi kwa mtungi, zinaandika "hakuna kilichoota" na daktari anaendelea kwa kubahatisha. Nyinyi mlioutoa mtungi kabatini mmefanya la maana.

Kwa huyu mgonjwa wenu, usiandike "sugu" na usiandike "hana shida". Andika kwamba meropenemu inamuua kwa sasa, kwamba cfiA imo, na kwamba usugu unaweza kujitokeza katikati ya tiba, hivyo jipu likirudi litumwe tena. Andika pia umetumia kanuni zipi kusoma matokeo. Metronidazoli inayomzuia kwa miligramu 8 kwa lita, kwa kanuni za Marekani za CLSI, ni nzuri. Kwa za Ulaya za EUCAST, zenye mstari kwenye 4, ni sugu. Daktari asipoambiwa hilo atadhani maabara mbili zimegombana.

Usaha wa mara ya pili mwombe daktari auvute kwa sindano, atoe hewa yote, na auwahishe. Pamba ya kufutia haifai. Hewa ikishaingia, unapoteza unachokitafuta, na kwa joto letu la Januari usiuache kwenye dirisha la mapokezi ukisubiri dereva. Huyo bakteria wa kwanza mhifadhi kwenye gliserini kwenye friza ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Akija wa pili akiwa sugu, wapimeni wote wawili kwa vile vianzio vya nje ya jeni, kwenye jeli moja, safu jirani. Mkanda wa wa pili ukiwa juu na wa kwanza ukiwa chini, utajua ni yuleyule aliyepata mpangaji. Mikanda ikilingana chini, basi rudi kwenye sahani uanze kutafuta sababu nyingine.